Chini ya Boneti: Farasi 109 wa kwenye brosha wako wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalilia kitu kimoja, HP, yaani nguvu za farasi za mashine. Mmoja anasema kaibiwa farasi, mwengine kazidishiwa, na yuko mzee wa Mkoani kaja na gari ya marehemu baba yake. Nimechagua chache, nyengine zinafanana sana nikaziacha.

Assalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, nimeletewa kigari cha cc 1500 kutoka Japani, brosha yake nimeisoma mtandaoni inasema farasi 109. Lkn nikipakia watu wanne na AC nimewasha, milima ya kwenda Chake inanitoa roho, yaani kinakuwa kama kina farasi 50. Kampuni inatudanganya au nimeuziwa mashine mbovu?
*Mwenye kigari, Wete*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Rudi kwenye hio brosha, pembeni ya 109 utakuta pana namba nyengine, 6,000, na hio ndio watu huiruka. Maana yake farasi 109 wapo pale mashine inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, na wewe nna hakika hujawahi kuifikisha huko hata siku moja, mana madereva wetu mshale ukipita 3,000 tu mtu anaona mashine inataka kupasuka.

Hesabu yake si ngumu, chukua toki (nguvu ya mashine ya kuzungusha) kwa kipimo cha Nm, zidisha na mizunguko, gawa kwa 9,549 unapata kilowati, na kilowati moja ni farasi 1.36. Mashine ya 1500 ya kawaida kwenye mizunguko 2,000 tuseme ina toki 120, basi hapo una kilowati 25, farasi 34. Sasa njoo kwenye mlima. Kigari na watu wanne ni kama kilo 1,330, mlima wa asilimia 8 kwa spidi ya 60 unataka farasi 23 au 24 kwa kule kuunyanyua mzigo peke yake, tairi na upepo wanakula kama 6 wengine, umeshafika 30 na hao ni wa kwenye tairi, hujahesabu wanaopotea kwenye giaboksi na wale watatu wanne wa kompresa ya AC. Farasi 34 wamekwisha wote hapo. Kigari hakina cha kuongeza ndio unakiona kinakufa, na wewe unakanyaga, na giaboksi nayo imeng'ang'ania gia ya juu.

Teremsha gia. Kama ni otomatiki zima OD (ile gia ya juu ya mwisho) au weka 2, iache ipande mpaka 4,000, pale toki ni kama 140 na farasi ni karibu 80, utakiona kinavobadilika. Kelele itakuwepo, ivumilie, mashine imetengenezwa kuzunguka.

Hewa yetu nayo ina lake dogo. Namba za brosha husahihishwa ziwe kama mashine imepimwa kwenye hewa ya digrii 25 isiyo na mvuke mwingi, sie tuko digrii 31, 32 na unyevu wa pwani, na ule mvuke unakaa pahala pa oksijeni. Kwa mashine isokuwa na turbo hesabu inatoka asilimia 2 mpaka 3 hivi. Ni kidogo, wala usije ukasema "joto la Pemba limenila farasi 40", hasha. Anaeumia ni mtu wa Arusha alie mita 1,400 juu ya bahari, kule mashine ya namna hii inapoteza zaidi ya asilimia 10 bila ya ugonjwa wowote.

Sasa kuhusu mashine mbovu, hilo linawezekana pia, mana 109 ni ya mashine mpya na yako imeshazeeka Japani kabla haijaja kuzeeka Wete. Ukimpata mtu ana kigari kama chako tafuteni mlima mmoja, abiria wale wale, AC zimezimwa zote mbili, dereva mmoja aendeshe zote, gia ile ile, mtu wa pembeni apige saa kutoka 30 mpaka 60, mrudie mara kadhaa msitegemee mara moja. Yako ikiwa nyuma kwa mbali basi kampuni haina kesi, anza na filta ya hewa, plagi, presha ya silinda, oili ya giaboksi, na lile sega la ekzosi (la kusafishia moshi) lililoziba ambalo mafundi wengi hawaligusi mpaka mwisho.

Fundi habari za kazi. Shemegi yangu yuko Maskati ana V8 moja kubwa ya kuendea jangwani, kwenye karatasi farasi 400. Juzi kaipandisha kwenye daino (mtambo wa kupimia nguvu kwenye tairi) ikatoka 318. Sasa kila siku anatupigia simu, anasema ataishtaki kampuni imemuibia farasi 82. Ana haki?
*Msomaji, Kiembesamaki*

Mwambie aweke simu chini kwanza dada. Ile 400 imepimwa kwenye krenki (shafti ya mashine yenyewe), mashine iko peke yake imefungwa kwenye mtambo, haina giaboksi haina difu haina tairi. 318 imepimwa kwenye tairi. Ni kama mshahara wa kwenye barua ya ajira na ule unaoushika mkononi baada ya makato, mfanyakazi akipata pungufu haendi moja kwa moja kusema bosi kamuibia, anaangalia makato kwanza. Na gari yake ina makato mengi, giaboksi ya otomatiki, transfa, difu mbili, matairi makubwa ya mchanga. Kupotea farasi mmoja katika kila watano kwa gari ya namna hio ni jambo la kawaida kabisa. 318 kwa 400 ni asilimia 79 na kitu, hapo mimi sioni wizi.

Ila na yeye asije akakubali ile fomula ya vijana wa daino, "ongeza asilimia 15 unapata ya krenki". Hakuna asilimia moja ya magari yote. Upepo wa tairi, moto wa oili, vile walivoikaza mikanda gari isiruke, vyote vinabadilisha namba, na daino mbili tofauti gari moja siku moja zinaweza zisikubaliane. Daino ni nzuri kwa kulinganisha kabla na baada, gari ile ile, daino ile ile. Kuifanya hakimu wa brosha ni kuitwisha kazi isiyo yake.

Mwambie pia aitazame karatasi aliopewa, pembeni imeandikwa SAE au STD? Hizo ni namna mbili za kusahihisha hewa, ile STD ya zamani inahesabu hewa ya baridi zaidi na inatoa namba kubwa kwa kama asilimia 4. Na kama hawakusahihisha kabisa, na Maskati kiangazi inapita digrii 40, basi farasi kadhaa wamekwenda na joto. Tena aangalie 400 yake ni HP au PS, mana HP ya Muingereza ni wati 746 na PS ya Mjerumani na Mjapani ni wati 735.5, farasi 400 wa Kiingereza ni karibu 406 wa Kijapani. Tofauti ni ndogo lkn watu wamewahi kugombana kwa ndogo kuliko hio.

Akitaka kesi ya kweli inabidi mashine itolewe ipimwe vile vile ilivopimwa na kampuni. Hata hapo sheria imeacha nafasi, kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa ambayo nchi nyingi zinaifata inaruhusu mashine ya kupasishwa itofautiane na namba ya kampuni kwa asilimia 2, na zile zinazotoka kiwandani baadae kwa asilimia 5. Kwa 400 ni 380. Chini ya hapo, na si mashine moja tu iliyochoka, ndio aanze kutafuta wakili.

Mwanangu, mie mzee wa Mkoani. Babaangu alikuwa na Morris Eight enzi za Muingereza na kila mtu akisema ile nane ni farasi nane. Pikipiki za siku hizi zinapita nane, mbona ile ilikuwa ikibeba familia nzima?
*Mzee, Mkoani*

Shkamoo mzee wangu. Nane ile ilikuwa ya kodi. Uingereza walikuwa wanatoza kodi ya gari kwa fomula, wanachukua upana wa silinda kwa inchi, wanauzidisha wenyewe kwa wenyewe, wanazidisha na idadi ya silinda, wanagawa kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuwemo, wala hakuna aliyepima nguvu. Farasi wa kweli wa Morris ile walipita 20. Na kwa sababu kodi ilitazama upana tu, viwanda vya Uingereza vikawa vinatengeneza silinda nyembamba ndefu ili kodi iwe ndogo. Hata ile Citroën 2CV ya Wafaransa, mbili yake ilikuwa ya kodi vile vile. Kwa hio marehemu hakudanganywa, na aliyemuuzia hakumpunja.

Oya fundi, tumebishana barazani mpaka usiku. Mbona gari zote kali za Japani za miaka ya 90 zimeandikwa farasi 280? Chaser yenye mashine ya 1JZ ya turbo 280, Supra 280, Skyline GT-R 280. Haiwezekani zote ziwe sawa, nani anadanganya hapo?
*Vijana wa Jang'ombe*

Wote kidogo, na kwa makubaliano. Kuanzia 1989 makampuni ya Japani yalikubaliana yenyewe kwa yenyewe kwamba gari ya kuuzwa nchini mwao isitangazwe zaidi ya PS 280, serikali ilikuwa inanung'unika kuhusu ajali na hawakutaka iwatungie sheria. Haikuwa sheria, ni maelewano tu, na yalidumu mpaka 2004 ilipokuja Honda Legend na 300. Katikati hapo wahandisi waliendelea kuongeza nguvu na watu wa brosha wakaendelea kuandika 280. GT-R inajulikana ilikuwa inapita hapo tangu inatoka kiwandani.

Lkn msiende mbio mkasema kila tofauti ni uongo. Supra ya Japani imeandikwa 280 na ya Marekani 320, watu wanasema "si mnaona, mashine moja namba mbili". Si moja kamili. Ya Marekani ilikuwa na injekta kubwa, kemu tofauti, na turbo zenye gurudumu la chuma wakati za Japani zilikuwa na la kauri. Mtu akitaka kuhukumu asome kwanza orodha ya vipuri, ndio aje na hukumu.

Iko na nyengine, hii inawahusu wenye AE86, ile Toyota ya miaka ya 80. Mashine yake ya 4A-GE mwanzo iliandikwa 130, baadae ikaandikwa 120, watu wakadhani wameipunguza nguvu. Ni Japani ilibadilisha kipimo katikati ya miaka ya 80, kutoka cha mashine tupu kuja cha mashine iliyovishwa ekzosi yake na filta yake. Marekani walifanya hivo hivo 1972, gari ambazo mwaka wa nyuma zilikuwa na farasi mia tatu na kitu zikaporomoka kwenye karatasi (baadhi yao ziliporomoka kweli pia, mana presha ya silinda ilipunguzwa kwa ajili ya moshi, na mambo mawili yale yamechanganywa mpaka leo). Kwa hio ukilinganisha gari ya 1970 ya Marekani na ya leo kwa namba za brosha unajipotezea muda.

Mimi binafsi ile 280 siipendi. Watu wanaisifu kwa sababu mteja alipata zaidi ya alicholipia, sawa, lkn kulikuwa na gari zilizokuwa 280 kweli na nyengine zina 310, zote zimeandikwa namba moja, mnunuzi atazijuaje? Namba iliyopunguzwa makusudi haina faida kuliko iliyozidishwa makusudi, zote mbili hazikwambii kitu.

Kaka fundi, nataka kununua pickup ya dizeli kwa kazi ya watalii, Paje na Nungwi. Nimesikia 2024 Toyota walikamatwa wamechezea vipimo vya HP. Sasa niamini nini? Na ni kampuni gani zimewahi kusema uongo kweli kweli, maana kila mtu anatetea ya kwake.
*Dada wa biashara, Mbweni*

Umeuliza vizuri dada yangu. Hilo la 2024 ni la kweli, tarehe 29 Januari Toyota walitangaza kwamba Toyota Industries, kampuni yao inayotengeneza mashine za dizeli, ilipofanya vipimo vya nguvu vya kuombea kibali ilitumia kompyuta ya mashine yenye programu tofauti na ile inayofungwa kwenye gari za kuuzwa, ili namba zitoke zimenyooka bila kupanda na kushuka. Mashine zenyewe ni tatu, 1GD, 2GD na F33A, humo Hilux imo, Hiace imo, Land Cruiser 300 imo. Wakasimamisha kuzitoa kwa muda. Toyota walipozipima tena walisema zile za kiwandani zinafikia nguvu iliyoandikwa na wenye gari hawana haja ya kuacha kuziendesha.

Hukumu yangu hapo ina pande mbili na usiziunganishe. Kipimo kilikuwa cha hila, hapo hawana utetezi, mana kipimo kikishachezewa hakuna sababu ya kukiamini hata kama jibu limetokea kuwa sahihi. Lakini kusema "Hilux hazina nguvu iliyoandikwa" ni jambo jengine na linataka ushahidi wake.

Waliozidisha namba yenyewe wapo. Hyundai mwaka 2002 walikiri kwamba Marekani walikuwa wameandika farasi wengi kuliko waliopo, kwa miaka na kwa magari zaidi ya milioni 1, wakaishia kulipa fidia. Mazda walitangaza MX-5 ya 2001 ina 155, ikawa 142, wakajitolea kuzinunua tena kwa waliokasirika, na baada ya hapo RX-8 wakaitoa na 247 wakaishusha mpaka 238 na wakatoa ahadi ile ile. Ford walikuwa na Mustang Cobra ya 1999 iliyoandikwa 320, wenye gari wakaipandisha kwenye daino wakaona haipo, kampuni ikasimamisha kuuza, ikaziita zirudi zikabadilishwa manifoldi na ekzosi. Hapo utaona daino ya wateja ilifanya kazi yake, kwa sababu haikuwa gari moja ya mtu mmoja, zilikuwa nyingi na zote zinapungua upande mmoja, na pembeni kulikuwa na Cobra za miaka ya nyuma za kulinganisha nazo.

Kuna waliopungua bila ya mtu kuwakamata. 2005 jumuiya ya mainjinia wa Marekani, SAE, ilikaza kipimo na ikaweka shahidi wa nje akae pale mashine inapopimwa. Kipimo cha zamani kilikuwa kimeacha mianya, mafuta gani, oili gani, pampu ya stelingi iwemo au isiwemo. Camry ya V6 lita 3.0 ikashuka kutoka 210 kuja 190 na mashine haikuguswa. Corvette Z06 kipimo hicho hicho kikaipandisha, ilitangazwa 500 ikatoka 505. Kipimo hakikuwa na adui wala rafiki. Kumpima aliyeandika 210 kabla ya 2005 kwa kanuni iliyokuja baadae ukamwita mwizi, hapana, ila ukisema alikuwa anatumia kila mwanya uliokuwepo hapo nitakuunga mkono.

Kwa kazi yako dada usiangalie HP ya juu kabisa. Mzigo wa watalii wanane na masanduku unataka toki chini, 1,600 mpaka 2,800 hivi, uliza hio. Na ukipewa gari mbili za dizeli, brosha zote ziandikwe kilowati na kanuni moja, kama moja ni ya Japani na nyengine ya Thailand zisome kwa makini mana mashine ya jina moja hufungwa na nguvu tofauti kila soko.

Toyota Aqua ya hybrid (ya mafuta na umeme), mashine farasi 74 na mota ya umeme 61, jumla 135. Mbona kwenye karatasi wameandika 100? Wamesahau kujumlisha?
*Msomaji, Fuoni*

Hawakusahau. Kilele cha mashine na kilele cha mota haviji kwa wakati mmoja, na betri ile haiwezi kuipa mota umeme wa kutoa nguvu yake yote. 100 ndio wanaotoka wakiwa pamoja. Muuzaji akikwambia 135 huyo ndie wa kumtilia shaka, kampuni hapa imeandika ya haki.

Fundi, sie wavuvi HP tunazijua kuliko nyinyi. Mashine ya boti ya 40 inasukuma boti ya faiba na watu na samaki mpaka nje ya Mnemba. Kirikuu cha mwanangu eti kina farasi karibu 50, kikipakia mifuko ya saruji kinalia. Farasi wa baharini wakubwa?
*Nahodha, Nungwi*

Nahodha, farasi ni wale wale, wati zile zile. Tofauti ya kwanza iko pahala pa kupimia, mashine za boti za siku hizi hupimwa kwenye shafti ya propela, makato ya gia za kule chini yameshakatwa, lkn kirikuu kimepimwa kwenye krenki, mpaka ifike kwenye tairi za nyuma wameshapungua. Ya pili ni matumizi. Wewe ukitoka Nungwi unafungua mpaka mwisho na mashine inakaa huko huko karibu na kilele chake njia nzima, kirikuu kiko kwenye 2,500 na mwanao anashangaa farasi wako wapi. Zile 660 cc kilele chao kiko kwenye mizunguko ya juu sana, na Japani wamejiwekea mpaka wa farasi 64 kwa gari zote za ukubwa huo, hata zenye turbo, kwa hio usitarajie miujiza.

Na kabla hujasema mashine yako ya 40 haina 40, funga takometa uitizame ukiwa umefungua mwisho na boti ina mzigo wake wa kawaida. Kitabu chake kitakwambia inatakiwa ifike ngapi. Isipofika huko farasi wote hutowapata, na mara nyingi dawa yake ni propela yenye pichi (mlalo wa mabawa yake) ndogo kidogo, bei yake haifiki hata robo ya mashine mpya.